Ngozi Inapochokozwa

Mtu mzima aliyetulia kwenye chumba kisicho na joto wala baridi hupitisha katika ngozi yake yote takriban robo lita ya damu kwa dakika. Mwili wake ukipata joto kali, mtiririko huo unaweza kupanda hadi lita 6 au 8 kwa dakika. Ndiyo maana kuipima damu ya ngozi mara moja na kuandika namba hakutuelezi mengi. Ngozi hueleza hali yake inapochokozwa, kisha tukatazama inajibu vipi, kwa kasi gani, na inachukua muda gani kutulia tena.

Mtazamo huo haukuhitaji sindano. Mwaka 1975 Michael Stern alionyesha katika jarida la Nature kwamba mwanga wa leza unaorudi kutoka kwenye ngozi hubeba alama ya mwendo wa damu. Kanuni yenyewe ni ya Christian Doppler, ya mwaka 1842, nawe huisikia kila gari la wagonjwa linapokupita na mlio wa king'ora ukashuka ghafla. Mwanga uliogonga tishu iliyotulia hurudi kama ulivyokwenda. Uliogonga chembe nyekundu ya damu inayotembea hurudi na mabadiliko madogo mno ya masafa. Kiasi cha mwanga uliobadilika hueleza wingi wa chembe zinazotembea, na ukubwa wa mabadiliko hueleza kasi yake. Mwaka 1981 Fercher na Briers walipendekeza njia nyingine: ngozi ikimulikwa kwa leza huonekana na madoadoa, na pale damu inapokwenda kwa kasi madoadoa hayo hufifia kwenye picha. Kamera ya kawaida inatosha kuyanasa. Njia zote mbili huishia karibu milimita moja chini ya uso wa ngozi, na hapo ndipo ilipo mishipa midogo inayotafutwa.

Msomaji akiiona picha yenyewe, asidanganywe na rangi zake. Wekundu na ubuluu ule umepangwa na programu, na namba zake si mililita za damu. Ni vipimo vya ulinganisho tu. Hata ukiifunga damu yote ya mkono kwa mkanda wa presha, mashine haisomi sifuri, kwa sababu chembe zilizonaswa ndani ya mishipa huendelea kutikisika zenyewe. Mtafiti makini hupima kiwango hicho cha chini kabla ya kusema lolote.

Basi anayejitolea kupimwa hulazwa na kuachwa apumzike, chumba kikiwa na joto lisilobadilika, naye akiwa hajanywa kahawa wala kuvuta sigara. Masharti haya yana sababu. Mishipa ya ncha za vidole husinyaa mtu akivuta pumzi ndefu tu, au akishtuliwa na kelele. Kwa hiyo vipimo vingi hufanywa kwenye kigasha, upande wa ndani, ambako ngozi haina papara kiasi hicho.

Uchokozi una namna zake. Unaweza kuubana mkono kwa dakika chache kisha ukauachia, damu irudi kwa kishindo. Unaweza kuipasha ngozi joto hadi nyuzi 42 au 44 za Selsiasi: damu hupanda ndani ya dakika chache kwa amri ya neva, hushuka kidogo, kisha hupanda tena polepole na kukaa juu, safari hii kwa kazi kubwa ya oksidi ya naitriki inayotengenezwa na ukuta wa mishipa. Lakini uchokozi uliozaa matunda makubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni wa pilipili.

Kapsaisini, ile kemikali inayofanya pilipili iwashe, huwekwa tone kwenye kigasha. Huamsha kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho kundi la David Julius lilikitambua mwaka 1997, kazi iliyomchangia Julius kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Neva zikiamka humwaga protini ndogo iitwayo CGRP, nayo huitanua mishipa. Protini hiyohiyo inahusika na kipandauso. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, waliona njia hapo: mpe mtu mwenye afya dawa inayoizuia CGRP, weka tone la kapsaisini, kisha piga picha kwa leza. Dawa ikifika inapotakiwa, damu haipandi. Erenumab, dawa ya kipandauso iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ilipitia kipimo hiki. Picha hizo hazikuthibitisha kwamba kichwa kitapona, kwa kuwa hilo lilihitaji wagonjwa wenyewe. Zilionyesha kwamba dawa inamfunga mlengwa wake mwilini, na kwa kiasi gani cha dozi.

Sasa kuna jambo linalotuhusu moja kwa moja. Melanini, iliyo kwenye tabaka la juu la ngozi, humeza mwanga unapoingia na unapotoka. Mwanga mwekundu huumeza kwa kiasi pungufu, na ule wa infraredi kwa kiasi pungufu zaidi, lakini haiachi kabisa. Tayari tunajua gharama ya kulipuuza hilo. Mwaka 2020 utafiti wa Marekani uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulionyesha kwamba pale kipima oksijeni cha kidoleni kiliposoma hali nzuri, asilimia 11.7 ya vipimo vya wagonjwa weusi vilificha upungufu mkubwa wa oksijeni, dhidi ya asilimia 3.6 kwa wazungu. Kinachoumiza ni kwamba ngozi nyeusi ndiyo inayozihitaji zaidi kamera hizi, maana wekundu ambao daktari huuona kwa macho kwenye ngozi nyeupe, kwenye ngozi nyeusi hujificha, ilhali leza hutafuta mwendo wala si rangi.

Viwango vya kawaida hutoka kwa wenye afya, na kiwango kisichotokana na ngozi kama yako hakikuhusu. Kwa hiyo nawasihi watafiti wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala waanzie hapo, kwenye vigasha vya watu wazima wa afya wa hapa, kabla mashine hizi hazijaingia wodini. Na wewe msomaji, ukialikwa siku moja kujitolea, uliza watakachokupaka na jinsi watakavyotunza taarifa zako, ukiridhika, nenda.