Protini ya binadamu inayotengenezwa maabara kuinasa malaria, inafanyaje kazi?

Kimelea cha malaria kikishatoka kwenye seli moja ya damu, huwa kina dakika chache tu za kupenya nyingine. Kikichelewa, kimekwisha.

Mwaka 2011, watafiti wa Taasisi ya Wellcome Sanger, Uingereza, walibaini mlango kinaoutumia. Unaitwa basigini, protini inayochomoza juu ya seli nyekundu. Kimelea cha falsiparamu, ndicho kinachoua zaidi Afrika, kina protini yake, RH5, na lazima ishikane na basigini ndipo kiingie.

Shida ni kwamba basigini imejikita kwenye utando wa seli, na kuing'oa bila kuiharibu ni kazi. Kwa hiyo wataalamu wanaitengeneza.

Wanachukua kipande cha jeni ya binadamu chenye maelekezo ya sehemu ya nje tu, wanakiingiza kwenye seli za figo za binadamu zinazokuzwa maabara. Seli hizo zinaunda protini na kuimwaga kwenye kimiminika kinachozilea. Mbona wasitumie bakteria, ambao ni rahisi? Wapo wanaotumia, ila seli za binadamu huipa protini mikunjo na sukari zake za asili.

Protini huwekewa "mkia" mdogo unaonata kwenye nikeli. Kimiminika kikipitishwa hapo, basigini inabaki, mengine yanaoshwa. Huuzwa kwa maikrogramu, na chupa huandikwa ni ya utafiti tu. Si dawa, usidanganyike.

Mwaka huohuo wa 2011, basigini hiyo iliwekwa kwenye damu yenye vimelea. RH5 ikanasa kwenye mlango feki, na uvamizi wa seli ukazuiwa.

Leo inasaidia kupima kama kingamwili za chanjo zinaizuia RH5 isiufikie mlango. Chanjo ya RH5 iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Oxford imeshajaribiwa Bagamoyo, Tanzania, na Taasisi ya Afya Ifakara, kwa watu wazima na watoto.

Lakini kipimo hicho kina tundu. Utafiti uliochapishwa 2023 ulionyesha kuwa kwenye seli halisi basigini haikai peke yake, imeshikana na protini nyingine, na RH5 huing'ang'ania zaidi ikiwa hivyo. Baadhi ya kingamwili zenye nguvu zilionekana haziuzibi mlango wa kwenye chupa, kumbe kwenye seli zinauziba.