PIPA MOJA, BOTI KUMI

Endapo utafika Mwigobero, mjini Musoma, alasiri ya siku za giza, yaani zile siku ambazo mwezi hauangazi ziwa usiku, utawakuta wavuvi wa dagaa wakijiandaa kuondoka. Wako wanaopanga taa, wako wanaokunja nyavu, na kando ya mtumbwi yuko kijana aliyeinamia dumu la petroli akimimina ndani yake oili kutoka katika chupa ndogo iliyonunuliwa muda huo huo. Chupa hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Kununua oili chupa moja moja kila jioni ni njia ya ghali kuliko zote, na mara nyingi mnunuzi hajui hasa ni oili ya namna gani aliyopewa.

Huenda wewe si mvuvi. Lakini katika miji ya Musoma na Bunda wako walimu, makarani na kina mama wa sokoni wenye mashine ziwani, ambao wamewakabidhi vijana kazi ya kuvua. Mashine ikifa, ada ya shule nayo hukwama, achilia mbali roho za watu waliobaki katikati ya maji huku upepo ukivuma.

Kwanza hapana budi tuelewe oili hiyo inafanya kazi gani. Mashine nyingi za kupachika nyuma ya mtumbwi ni za mipigo miwili. Injini ya namna hii haina bakuli la oili chini yake kama ilivyo katika gari. Petroli yenyewe ndiyo inayobeba oili, ikapita nayo kwenye beringi na pistoni, kisha vyote viwili vikaungua pamoja. Kwa mashine nyingi za siku hizi kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani dumu la lita 20 hutaka oili mililita 400. Mashine mpya huhitaji oili zaidi katika saa zake za mwanzo, na kitabu chake ndicho chenye neno la mwisho. Oili ikipungua, pistoni hukwama ndani ya silinda. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hutanda. Wale wanaoongeza kidogo kwa ajili ya usalama hawajiongezei usalama wowote.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukulie mtumbwi mmoja unatumia lita 20 za petroli kwa usiku, na mwezi una usiku 20 wa kuvua, kwa kuwa mbalamwezi inapokuwa kubwa wavuvi wa dagaa hupumzika. Mtumbwi huo utatumia oili lita 8 kwa mwezi. Mitumbwi 10 itatumia lita 80. Basi pipa la lita 200 litawatosha wenzi hao kumi kwa miezi miwili na nusu. Ukitaka kujua faida, gawa bei ya pipa kwa 200, ongeza nauli ya mzigo kwa kila lita, kisha linganisha na bei ya lita moja inayonunuliwa kwa chupa. Usisahau nauli! Pipa lililojaa lina uzito wa karibu kilo 200, na barabara ya Mwanza hadi Musoma ina kilomita zipatazo 220. Bunda iko njiani, kwa hiyo wenye mitumbwi upande wa Kibara na Kisorya hawana sababu ya kuacha mzigo upite mpaka Musoma ndipo waufuate huko.

Walakini si kila kikundi kinahitaji pipa. Mashine za mipigo minne, ambazo nazo zimeanza kuzoeleka, hazichanganywi oili na petroli. Zina oili yake ndani, hubadilishwa kila baada ya saa 100 hivi za kazi, na mashine ya nguvu-farasi 15 huchukua chini ya lita 2. Kwa kikundi chenye mashine kumi za namna hiyo, ndoo ya lita 20 yatosha kwa mzunguko mzima. Kuwauzia hao pipa ni kuwafungia fedha zao stoo.

Jambo linalowaponza wengi ni aina ya oili. Huko Butiama, si ajabu katika ukoo mmoja huyu akawa na pikipiki, yule ana mashine ya kusaga, na wa tatu ana mtumbwi. Wakikaa pamoja, wazo la kununua pipa moja la wote huonekana la busara. La hasha! Oili ya mashine ya kusaga haifai kuchanganywa na petroli ya boti. Hata oili ya pikipiki za zamani za mipigo miwili si sawa, maana injini hizo hupozwa na hewa, ilhali ya boti hupozwa na maji ya ziwa. Oili ya boti hutengenezwa isiache majivu kwenye plagi na pistoni. Alama ya kutafuta juu ya pipa ni TC-W3, kipimo kilichowekwa na chama cha watengenezaji wa vyombo vya majini cha Marekani. Tazama pia kama lakiri ya kifuniko haijaguswa, na udai risiti yenye jina la oili.

Pipa likishafika, adui yake ni maji. Likisimamishwa uani, mvua hutuama juu ya kifuniko. Mchana jua huipasha hewa iliyo ndani nayo hutanuka, usiku hujikunja na kuyavuta maji kupitia penye nyuzi za kifuniko, hata kama kimekazwa. Lilazwe chini ya paa, juu ya magogo, vifuniko viwili vikiwa usawa mmoja, kushoto na kulia, ili oili ivizibe kwa ndani.

Kugawana ndiko kunakovunja vikundi. Kipimo kiwe kimoja, chenye mhuri wa Wakala wa Vipimo, wala si kopo la kukadiria. Daftari liwe mikononi mwa mtu asiye na mtumbwi katika kikundi. Kina mama wanaonunua dagaa mwaloni huifanya kazi hiyo vizuri, kwa kuwa wamezoea hesabu za mikopo midogo. Fedha ikusanywe giza likiwa bado, samaki wakiwa bado wanauzwa. Mbalamwezi ikishatoka mifuko huwa mitupu, na mtu asiyechangia wakati huo si lazima awe mkorofi.

Na nyumbani? Madumu yaliyokuwa na oili yasirudi jikoni kuwekwa maji wala mafuta ya kula, hata yakioshwa kwa sabuni mara tatu. Oili chafu iliyotolewa kwenye mashine ya mipigo minne isimwagwe ufukweni, kwani bomba la Musoma huvuta maji kutoka ziwa hilo hilo. Pipa tupu lisikatwe kwa moto wa kulehemu, kwa sababu mvuke uliobaki ndani huweza kulipuka. Lina wanunuzi wake, na bei yake iandikwe daftarini kabla ya kuagiza pipa la pili.