Bwawa la Ruzizi: takataka zetu na giza letu



Siku moja nilifundisha darasa la tano somo juu ya umeme. Nilichora ubaoni ziwa Kivu, mto Ruzizi na bwawa la Mururu. Nikaeleza kwamba plastiki zinazotoka katika mitaa ya Bukavu zinafika mpaka kwenye mashine za umeme na kuzisumbua. Mtoto mmoja wa kike akanyoosha mkono: «Madamu, mvua ikinyesha, mama ananituma nikamwage takataka katika mfereji ili maji yazibebe. Sasa ni sisi wenyewe tunajizimia umeme?»

Darasa lote likacheka. Mimi sikucheka. Juma lile lile, mvua ilipoanza usiku, nilikuwa nimemtuma mtoto wangu kufanya vile vile. Ndiyo maana naandika leo. Siandiki kumlaumu mtu, nataka tuelewe pamoja kitu kinachopita karibu na milango yetu kila siku.

Mto mfupi wenye nguvu

Ruzizi unatoka katika ziwa Kivu, hapa hapa Bukavu. Unapita mpakani kati yetu na Rwanda, unaendelea kwa upande wa Burundi, na kuingia katika ziwa Tanganyika karibu na Uvira. Urefu wake ni kama kilomita 120 tu. Lakini ziwa Kivu liko juu, karibu metre 1.460, na Tanganyika iko chini, karibu metre 770. Kwa hiyo maji yanashuka kama metre 700 katika mwendo ule mfupi. Maji yanayoshuka namna ile yana nguvu, na nguvu ile ndiyo inageuzwa kuwa umeme.

Bwawa la kwanza, lile la Mururu, tunaloita Ruzizi Kwanza, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Wabelgiji wakiwa bado wanatawala. Lina mashine 4, na zote zikifanya kazi vizuri zinatoa karibu megawati 30. Chini yake kuna Ruzizi Pili, lililoanza kazi mwaka 1989. Lile ni mali ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, na linatoa karibu megawati 44. Ukilinganisha na Inga Pili kule Kongo Kati, yenye megawati 1.424, haya yetu ni mabwawa madogo. Lakini kwa Bukavu, Goma na Uvira, ndiyo yanayotuwashia taa miaka hii yote.

Kazi yake ni rahisi kueleza. Ukuta unazuia maji ya mto. Maji yanapita katika chujio kubwa la vyuma, halafu yanaingia katika bomba nene na kushuka kwa nguvu. Chini yanakuta gurudumu la chuma na kulizungusha. Gurudumu linazungusha mashine inayozaa umeme. Umeme unapita katika nyaya mpaka kabini ya mtaa, na kutoka pale unafika kwako. Chujio likizibwa, maji yanayopita yanapungua, gurudumu linazunguka polepole, na wewe nyumbani unaona taa inafifia au inazimika.

Safari ya sashe

Bukavu imejengwa juu ya vilima. Kutoka Kadutu au Bagira, kila mfereji unashuka. Sashe uliyofungia sukari, chupa ya maji ya mtoto, ndala iliyokatika: mvua inabeba vyote mpaka mito midogo kama Kawa, na mto mdogo unavimwaga ziwani. Ziwa nalo lina mlango mmoja tu wa kutokea, yaani Ruzizi. Maji yote yanaelekea pale, na plastiki inafuata.

Nyingine zinaelea juu, na wafanyakazi wanazitoa kila siku. Nyingine zinazama na kurundikana chini, mbele ya chujio. Hizo zinahitaji wazamiaji waingie ndani ya maji na kuzitoa kwa mikono. Wakiwa kule chini, mashine inapaswa kusimama. Na plastiki iliyopenya mpaka ndani inaweza kuharibu mashine kabisa. Mashine moja ikikosa kati ya 4, wakubwa wa umeme wanalazimika kugawanya kidogo kilichobaki. Hapo ndipo delestaji inazidi: leo mtaa huu, kesho mtaa ule.

Na boti nazo?

Mama mmoja wa likelemba yetu anafanya biashara ya boti. Analeta mihogo na maharagwe kutoka Minova na Idjwi. Aliniambia: «Mambo ya bwawa ni ya wenye umeme. Kwangu nyaya hazijafika.»

Nilimjibu hivi. Ni kweli, boti hazipiti Ruzizi, maana mto ule una maporomoko na mawe mengi. Lakini bwawa la Mururu ni kama kizibo cha ziwa. Likifunguliwa sana, maji mengi yanatoka na ziwa linashuka. Likibana, ziwa linajaa. Ziwa likishuka sana, boti inashindwa kukaribia bandari, na wabebaji wanaingia majini na magunia kichwani. Likipanda sana, maji yanaingia katika magati na nyumba za kando. Kwa hiyo kizibo kile kinawahusu wenye taa na wenye boti pia, na nchi zinazozunguka ziwa zinapaswa kusikilizana juu yake. Tena, sashe ile ile inayoziba chujio inajizungusha katika pangaboi la boti na kuzimisha mota katikati ya maji. Inanasa pia katika nyavu za wavuvi wa sambaza. Alinyamaza kidogo, akasema: «Basi hata sisi abiria, tunatupa mengi kutoka ndani ya boti.»

Giza linamlipisha nani?

Umeme ukikosekana, anayelipa kwanza ni mama. Anaongeza makala, na makala yanatoka katika misitu ambayo tunalia kila mwaka kwamba inaisha. Anayeuza samaki wa baridi anapoteza mtaji kwa usiku mmoja. Mtoto anasoma kwa mshumaa, na mshumaa umeunguza nyumba nyingi za mbao katika mji wetu. Mama anayezaa usiku anamulikwa kwa simu.

Sisemi takataka ndiyo sababu pekee. Mashine zimezeeka, mji umekua, nyaya zimechoka, na mvua zikikosekana ziwa linapungua. Hayo yanawahusu wakubwa, na tuendelee kuwauliza. Lakini takataka ni sehemu ambayo iko mikononi mwetu, hatuhitaji kusubiri mtu kutoka Kinshasa.

Tufanye nini?

Sheria iko: tangu mwisho wa mwaka 2017, serikali yetu ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe za plastiki. Wenzetu wa Rwanda walianza mwaka 2008, na anayevuka daraja anajua anavyopekuliwa. Kwetu sheria imebaki katika karatasi. Basi tuanze nyumbani:

– Tuwe na vyombo viwili. Maganda ya ndizi na mihogo yaende shambani kuwa mbolea. Plastiki ikae peke yake, isichanganywe.

– Tuende soko na kikapu au mfuko wa kitambaa. Mama mshonaji wa kikundi anaweza kushona mifuko kwa vipande vya vitambaa na kuuza.

– Nyumba 10 za avenyu moja zikichanga kidogo kila juma, zinaweza kumlipa kijana mwenye kitoroli apeleke takataka mahali palipopangwa.

– Salongo ya kusafisha mifereji ifanyike kabla ya mvua za mwezi wa tisa. Tukisafisha baadaye, mvua imekwisha kubeba.

– Usiku wa mvua, tusimtume mtoto mferejini. Mbali na takataka, maji yale yamekwisha kuchukua watoto.

Mimi nimeanza na vyombo viwili. Juma la kwanza nilishangaa kuona chombo cha plastiki kimejaa kabla ya siku ya nne, na nyumba yetu ni ya watu sita tu. Yule mtoto wa darasani naye aliniletea habari: «Madamu, mama alikubali, lakini alisema wewe uje umwambie jirani.»

Nitaenda. Na wewe, mama, jirani yako ni nani?

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Takataka za avenyu yetu zinaishia wapi mvua ikinyesha?
2. Nani kati yetu anaweza kuonana na mkubwa wa avenyu juu ya mahali pa kutupa?
3. Delestaji inatugharimu kiasi gani cha makala kwa mwezi? Kila mmoja ahesabu, tulete majibu katika mkutano ujao.