Simu Inapopikwa Kolwezi

Mgeni wa kutoka Unguja, akiagana na mwenyeji wake Kolwezi, anaweza kuambiwa: "Nitakupikia simu kesho." Asiwaze sufuria. Katika Kiswahili cha ukanda wa shaba wa Kongo, g ya "kupiga" mara nyingi hutamkwa k, na simu inayopikwa huku ndiyo inayopigwa pwani.

Kiswahili hiki kilikomaa kwenye kambi za migodi. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikusanya wafanyakazi kutoka Kasai, Maniema, hata Ruanda-Urundi, na watu hao walihitaji lugha ya kuelewana. Watu wakawa "batu", vitu vikawa "bintu". Lakini itazame ile -ku- ndani ya "nitakupikia": imekaa palepale inapokaa Unguja, baada ya kiambishi cha wakati na kabla ya mzizi.

Si kila lugha hufanya hivyo. Kiajemi nacho kina kitenzi cha kupiga, "zadan", na kazi zake zinafanana na za kwetu kwa namna ya kuchekesha: "telefon zadan" ni kupiga simu, "mesvāk zadan" ni kupiga mswaki. Ukitaka kumwita mtu, unapiga sauti: "sedā zadan". Sasa huyo anayeitwa anawekwa wapi? "Sedāsh zadam", nilimwita. Konsonanti moja tu, -sh, ndiyo "yeye", nayo imeng'ang'ania "sauti", si "kupiga". Ni kana kwamba tungesema "sautiye nilipiga". Sisi tunazo nomino za aina hiyo, mkewe na nduguye, ila kwetu zinaonyesha umiliki tu.

Kiswahili humtia mtendwa ndani ya kitenzi, na nafasi ni moja. "Nimempiga picha": yeye ndiye aliyemo pichani. "Nimempigia picha": nimemfanyia kazi, pichani huenda yumo mbuzi. Simu nayo yaweza kuingia, "simu nimeipiga", lakini "nimeimpigia" hakuna anayesema. Kinyarwanda huruhusu viambishi vya namna hiyo viwili na zaidi. Kiswahili sanifu kinakataa.

Wapo wanaodai Kiswahili cha Kolwezi hakina sarufi. Wajaribu kuing'oa -ku- na kusema "nitapikia simu". Mwenyeji atawauliza papo hapo: utampikia nani?