MITA 60 ZA UFUKWE: NJIA YA KUFIKA IKO WAPI?

Najua wapo watakaosema: mtu wa Rulenge na fukwe wapi na wapi? Subirini kidogo, hili linatuhusu sana.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa la asili, mto, hata bwawa. Mto nao umo! Yaani kanuni inayombana mwenye hoteli Dar inambana pia anayejenga kando ya Ziwa Victoria, au huku Ngara kando ya Ruvubu na Kagera.

Sasa mbona watu wanazungushiwa kuta, maji wanayasikia tu? Hapa ndipo wengi tunapochanganya. Kukataza kujenga ni kitu kimoja, kumpa mwananchi njia ya kufika ni kingine. Zile mita 60 zinaweza kuwa wazi kabisa, lakini viwanja vya nyuma yake vikigawiwa vyote bila kuacha kichochoro, utapita wapi? Utaruka ukuta? Mbwa je?

Wenzetu wa Kenya, Katiba yao ya 2010, ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Safi sana. Ila mpaka Mombasa na Kilifi watu wamelalamika kwamba njia za kushukia ufukweni zimezibwa. Ufukwe ni wako, mlango wa mwenzio!

Kwa hiyo dawa ni kudai njia mapema, kabla viwanja havijapimwa. Kijijini, sheria inataka mpango wa matumizi ya ardhi upitishwe na mkutano mkuu wa kijiji. Na kila mkazi aliyefikisha miaka 18 ni mjumbe wa mkutano huo, hata wewe unayesoma hapa. Siku ya mpango, simama uulize: njia ya ng'ombe kwenda kunywa iko wapi? Ya wavuvi? Ya akina mama wanaochota maji? Iandikwe na ionekane kwenye ramani. Ukuta ukishasimama, ni kesi na miaka.

Kwenu mtoni au ziwani njia bado ipo? Tuambizane hapo chini.

Nawakilisha.