KISU BUTU NDICHO KINACHOKATA VIDOLE



Tukizungumzia usalama kazini, mara nyingi tunawaza mashine za kiwandani, panga za shambani na dawa za kunyunyizia. Jiko la kantini tunalisahau. Lakini wenzetu wanaopikia makundi makubwa ya watu katika mashamba ya chai na miwa ya Uganda hushika kisu tangu alfajiri, na wengine wao ni vibarua tu. Mpishi akijikata huambiwa ni mzembe, hufungwa kitambaa, na kesho nafasi yake huweza kupewa mwingine. Sisi tunasema kwamba kutumia kisu ni ufundi, na ufundi hufundishwa.

Makali kwanza

Wengi huogopa kisu kikali. Kinachostahili kuogopwa zaidi ni kisu butu. Hakiingii kwenye ganda la nyanya wala la kitunguu. Mpishi hulazimika kukikandamiza, nacho huteleza na kuishia kidoleni. Kisu kikali hukata bila nguvu nyingi, huenda pale unapokielekeza, na kifundo cha mkono hakichoki upesi.

Noa kwa kinoo kilicholowa maji, si kwenye ngazi ya saruji inayoacha mapengo. Simamisha kisu wima juu ya jiwe, kilaze nusu, kisha kilaze nusu tena: hapo umepata pembe ya nyuzi 20 na kidogo. Sugua pande zote mbili sawasawa kwa pembe hiyo hiyo. Jaribu makali kwa nyanya au karatasi, usijaribu kwa kidole gumba.

Mikono miwili, kazi mbili

Mkono wa kisu usishike mwisho wa mpini. Bana bapa pale linapokutana na mpini kwa kidole gumba na kidole cha shahada, vidole vingine vizunguke mpini. Hapo kisu hakiyumbi.

Mkono wa pili ushike chakula kama paka aliyekunja makucha: ncha za vidole ziingie ndani, kidole gumba kikae nyuma yake. Bapa liguse vifundo vya vidole na kuongozwa navyo. Usinyanyue kisu juu ya vifundo hivyo.

Kitu cha mviringo hubiringika. Kwa hiyo kitunguu, kabichi au kiazi upasue kwanza katikati, kisha ulaze upande bapa chini. Chini ya kibao tandika kitambaa chenye unyevu ili kibao kisitembee.

Ukimenya matoke, paka mikono mafuta kidogo ili utomvu usigande, lakini futa mpini kila mara. Mpini wenye mafuta huponyoka.

Mambo ya kuepuka

1. Usidake kisu kinachoanguka. Rudi nyuma, kianguke.
2. Usiache kisu ndani ya beseni la maji ya sabuni. Mwenzako ataingiza mkono bila kukiona.
3. Usimpe mtu kisu mkononi. Kiweke mezani, akichukue mwenyewe.
4. Ukitembea nacho, ncha itazame chini, na useme kwa sauti kwamba una kisu.
5. Usifungulie mkebe kwa kisu.

Ukijikata, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi, inua mkono juu, na damu ikipungua lioshe kwa maji safi na sabuni. Usipake majivu wala mafuta ya taa. Jeraha likiwa refu au la kina, nenda zahanati na uulize juu ya sindano ya pepopunda. Kisha hakikisha ajali imeandikwa, hata kama wewe ni kibarua wa siku moja. Ajali isiyoandikwa ni vigumu kuidai fidia.

Wajibu wa mwajiri

Kukunja vidole ni juu yetu. Kinoo, kibao kizuri, visu vyenye mipini imara, mafunzo, na glavu za nyuzi za chuma kwa wakata nyama ni juu ya mwajiri. Uganda ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006, inayomtaka mwajiri awakinge wafanyakazi wake. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), wa mwaka 1981, unasema katika kifungu cha 21 kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Mwezi Juni 2022 mkataba huo uliingizwa katika mikataba ya msingi ya ILO. Basi kumkata mpishi mshahara kwa ajili ya kisu au kinoo hakupatani na kipimo hicho.

Wajumbe wa matawi, mkikagua mashine wiki hii, piteni na jikoni. Ombeni kuona kinoo na kitabu cha ajali. Visipokuwepo, hiyo ni ajenda ya mkutano ujao na mwajiri.