Kipande cha Baba, Mkataba wa Binti

Sisi watu wa pwani tukitaja uhamiaji, fikira zetu hukimbilia baharini: majahazi ya kaskazi, jamaa zetu walioko Maskati, vijana waliozamia melini. Nami nilikuwa na mawazo hayo hayo hadi safari yangu iliponifikisha Lumakanda, bara kabisa, mahali ambapo bahari hujulikana kwa kusikia tu. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu itokayo Eldoret kwenda Webuye, makao ya Lugari katika kaunti ya Kakamega. Mahindi yameuzunguka kila upande.

Mwenyeji wangu, mzee wa Kimaragoli, alinipokea kwa "mulembe" na chai ya maziwa mazito. Tulipokwisha kujuliana hali aliingia chumbani akatoka na kijaluba cha bati chenye kutu, kamba yake imekwisha chakaa.

"Hiki ndicho alichokivaa baba shingoni, Mwalimu," akaniambia.

Kilikuwa ni kipande. Neno tunalo hadi leo, hata kitambulisho cha sasa twakiita hivyo, lakini uzito wake wa zamani wengi tumeusahau.

Yapasa turudi nyuma kidogo. Mwaka 1902 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria ya kuwagawia walowezi ardhi, na mwaka 1908 meli ikawashusha bandarini kwetu Mombasa Makaburu zaidi ya 200 kutoka Transvaal, pamoja na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe. Wakapanda treni hadi Nakuru, kisha wakapasua misitu na matope hadi nyanda za Uasin Gishu, jirani na hapa Lumakanda. Wageni hao hawakuulizwa wataajiriwa na nani. Sheria ya 1915 ikaja kuwapa walowezi hati za ardhi za miaka 999. Nani kati yetu aliyepata kukaribishwa ugenini namna hiyo?

Mashamba makubwa yataka mikono. Huko Maragoli na Bunyore ardhi ilikuwa imebana, na kodi ya nyumba ilidaiwa kwa fedha taslimu, si kwa mtama. Basi wanaume wakapanda huku kutafuta kazi, wakawa wahamiaji ndani ya nchi yao. Hao ndio waliotungiwa kipande. Kuanzia 1920 kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kukibeba, chenye alama za vidole vyake, jina la mwajiri na mshahara anaolipwa. Akitaka kuacha kazi, ilikuwa sharti mwajiri atie saini kwamba amemwachilia. Aliyeondoka bila saini alihesabiwa mtoro, akatafutwa na polisi.

"Baba alilala rumande siku nne," alisema mzee. "Hakuiba wala hakupiga mtu. Bwana shamba alikwenda zake mjini bila kutia saini, na baba alikuwa amesikia shamba la pili wanalipa shilingi mbili zaidi."

Hapo ndipo nilipokifahamu kile kijaluba. Shilingi mbili! Aghalabu twaambiwa kwamba kipande kilikuwa cha kumdhalilisha Mwafrika, na ni kweli, lakini kazi yake hasa ilikuwa ya kibiashara. Mtu asiyeweza kumhama mwajiri hawezi kubishana juu ya ujira. Mlowezi alipata mahindi ya bei nafuu ya kupakia kwenye reli, na kule Maragoli mama akabaki na jembe peke yake, watoto mgongoni, akimngoja mume atakayerudi saini ikipatikana. Maskwota nao, walioruhusiwa kukaa mashambani na familia zao, sheria ya 1918 iliwataka wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka.

Kipande cha namna ile kilifutwa mwishoni mwa miaka ya 1940. Kuanzia 1962 ukaja mpango wa ekari milioni moja, walowezi wakalipwa kwa mashamba yao, na Waafrika wakagawiwa viwanja kwa mkopo. Babake mzee alipata shamba hapa hapa alipokuwa kibarua, akalipa deni miaka mingi. Ya mwanzo wa 2008, majirani walipoitana wageni na zaidi ya watu 600,000 wakatoka makwao nchini, mzee hakupenda kuyazungumza, nami sikumshurutisha.

Lililomfanya anitolee kijaluba lilikuwa jingine. Ana binti wa miaka 24, amemaliza shule, kazi hakuna. Amepata pasi na mkataba wa kazi ya nyumbani Saudia. Si ajabu, kwani fedha zinazotumwa nyumbani na Wakenya walio ng'ambo zilikaribia dola bilioni 5 mwaka 2024, nyingi kuliko zilizoletwa na chai, na Saudia ni miongoni mwa nchi za mbele zinakotoka. Nyumba ya mabati mapya niliyoiona njiani, mzee aliniambia, imejengwa na msichana aliyeko Riyadh.

"Wewe ni Mwislamu, na Kiarabu wakijua," akasema. "Tusomee."

Binti akanikabidhi karatasi. Kiswahili hakikuwamo. Kidole chake kilikuwa juu ya neno moja.

"Baba mdogo, huyu kafili ni nani?"

Neno hilo nilifundishwa chuoni nikiwa mdogo. Kafili ni mdhamini, na mwenye kumlea yatima ana ahadi ya ujirani na Mtume peponi. Lakini nilimweleza pia maana ya pili, ile ya serikali za Ghuba: kafili ndiye mwajiri ambaye kibali chako cha kukaa kimefungwa kwake, na ukimwacha bila idhini unaweza kuandikwa mtoro. Saudia ililegeza sheria hiyo mwaka 2021, wafanyakazi wakaruhusiwa kuhama mwajiri, ila watumishi wa nyumbani hawakuingizwa katika mabadiliko yale.

Mzee alikuwa amekishika kijaluba, akikifungua na kukifunga.

"Kwa hiyo atatia saini yeye?" akauliza.

Nikamwambia ndiyo, atatia saini yeye. Binti akaikunja karatasi yake, akaniuliza mshahara ulioandikwa ni shilingi ngapi za kwetu.